Pikapu Iliyonukia Chipsi

Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa mbili asubuhi, seremala alifuta vumbi la mbao kwenye kiti cha mbele cha pikapu yake. Alikifuta mara mbili. Kisha aliweka mto mdogo wa kuegemea, akaenda chumbani kumchukua mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani hodari. Miezi miwili kabla ya hapo alipata kiharusi. Mguu wake wa kulia ukalegea. Mkono wa kulia, ule wa kushika mkasi, ukawa mzito kama si wake. Daktari aliwaambia watu wa nyumbani waziwazi: "Miezi hii ya mwanzo ndiyo muhimu. Afanye mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki bila kukosa. Akikosakosa, mguu na mkono vitakakamaa."

Mahali pa mazoezi palikuwa mbali, upande wa pili wa mji, juu ya kilima. Basi lilishusha abiria chini kabisa, na mama hakuweza kupanda kilima kile. Kwa hiyo pikapu ndiyo ilikuwa miguu yake.

Mkwe na mama mkwe walipendana, ingawa kwa kuwasikiliza tu usingejua.

"Endesha polepole, baba. Mimi si kabati," mama alisema kila walipofika kwenye matuta.

"Kabati halilalamiki, mama," seremala alijibu.

Tatizo lilikuwa dizeli. Bei ilipanda. Ikapanda tena. Ilipopanda mara ya tatu, mhudumu wa kituo cha mafuta alianza kumwomba radhi seremala kabla hajaingiza bomba kwenye tangi. Pikapu ile ilikuwa kuukuu. Ilibeba meza na vitanda vya wateja, na ilikunywa mafuta kama mtu aliyetoka jangwani.

Jioni moja seremala alikaa jikoni na mkewe. Mkewe alikuwa na kibanda cha kuuza chipsi. Alikuwa akimenya viazi vya kesho yake.

"Mke wangu, dizeli inatumaliza," seremala alisema. "Nikipeleka meza moja ng'ambo ya mji, faida yote inaishia barabarani. Ikipanda tena, sijui safari za mama tutazifanyaje."

"Punguza sauti. Mama atakusikia."

"Mama amelala."

Mama hakuwa amelala.

Siku iliyofuata seremala alikwenda kununua misumari. Pale dukani bwana mmoja alikuwa akizungumza kwa kujiamini sana. "Injini ya dizeli haina maringo," alisema. "Inakunywa mafuta yoyote, hata ya kupikia!"

Seremala alisahau hata misumari yake. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na madumu matatu ya mafuta yaliyokwisha kaangiwa chipsi. Mkewe aliyaweka pale kwa sababu hakujua pa kuyamwaga.

Jumapili, mkewe alipokuwa kibandani, seremala alichukua pazia la zamani. Akayachuja mafuta yale mara mbili. Akayamimina kwenye tangi hadi akatosheka. Hakumwambia mtu. Alitaka awashangaze wote kwa akili yake. Aliwasha gari, likawaka. Akacheka peke yake uani.

Jumatatu alipeleka kitanda kwa mteja. Mteja alivuta pua akauliza kama chakula nacho kimo kwenye bei. Watoto wa mtaa ule walikuja wakauliza chipsi ziko wapi. Seremala aliwafukuza, lakini moyoni alifurahi.

Jumanne kulikuwa na baridi. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake, akanusa.

"Baba, mbona gari linanukia chipsi?"

"Ni nguo zako, mama. Si unakaa na mkaanga chipsi?"

Mama alimtazama kwa jicho la pembeni.

Walipoanza kupanda kilima, pikapu ilikohoa. Ikatoa moshi mzito. Ikapunguza mwendo, ingawa seremala alikanyaga pedali hadi mwisho. Katikati ya kilima ikazima. Seremala alijaribu kuiwasha mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Injini iliguna tu. Saa ya mazoezi ikafika, ikapita. Jasho lilimtoka na baridi yote ile.

"Acha, baba," mama mkwe alisema kwa upole. "Tafuta mtu wa kutuvuta, turudi nyumbani. Na Ijumaa usinipeleke. Mimi nimeshapona."

"Umepona nini, mama? Jana tu kijiko kilikushinda."

"Nilikusikia jikoni siku ile. Mna watoto wa kusomesha. Mimi nimekula chumvi nyingi. Nitakaa tu na mguu wangu hivihivi."

Seremala alishindwa kumtazama. Mama huyu ndiye aliyemkaribisha katika ukoo huu wakati yeye hana hata nyundo ya kwake. Suti yake ya harusi ni mama aliyemshonea, bila kuchukua kitu.

"Mama, nisamehe," alisema. "Safari zako si mzigo. Mimi ndiye nimeliua gari. Nimelitia mafuta ya chipsi."

Mama mkwe aligeuka akamtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Niliyachuja vizuri, mama," seremala alijitetea.

"Uliyachuja kwa kitu gani?"

"Kwa pazia."

"Pazia lipi?"

"Lile la maua."

"Lile nililishona mimi!" Mama aliacha kucheka. Kisha akaanza upya.

Fundi wa magari alikuja kuwavuta. Alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye gereji chini ya kilima. Watu walimwita Mama Nozeli, kwa sababu alisifika kwa kutengeneza nozeli, zile sindano zinazorusha mafuta ndani ya injini. Walipofika gereji alimpa mama mkwe kiti, akafungua pikapu. Akatoa chujio la mafuta. Lilikuwa limejaa utando mzito wa kahawia.

"Fundi," Mama Nozeli alimwambia seremala, "nikuulize. Mteja akikuletea ubao uliopasuliwa jana, bado una maji, akitaka umtengenezee mlango, utafanyaje?"

"Nitamrudisha na ubao wake," seremala alijibu haraka. "Ubao mbichi utapinda. Lazima ukaushwe kwanza."

"Haya. Na haya mafuta yako ni mabichi."

Seremala alijikuna kichwa. Katika maisha yake alikuwa amewarudisha wateja wengi wenye mbao mbichi. Wengine aliwarudisha kwa ukali.

"Lakini yule bwana dukani alisema magari yanatembea kwa mafuta ya kupikia," alisema.

"Kakuambia nusu tu. Mafuta ya kupikia ni mazito. Penye baridi yanazidi kuwa mazito. Haya yako yana maji ya viazi, yana chumvi, yana chembe ndogo. Pazia haliwezi kuzuia vitu hivyo. Vinaziba chujio, vinaharibu pampu na nozeli. Una bahati, chujio limeziba mapema. Ungeendelea, ungenunua pampu nyingine."

"Kwa hiyo hayafai kabisa?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Yanafaa, mama, ila yatengenezwe kwanza. Kuna kiwanda kidogo karibu na soko la mbao. Wananunua mafuta machafu ya hoteli na vibanda. Wanayachuja, wanayatoa maji, wanayachanganya na dawa maalumu. Ule uzito unajitenga na kuzama chini, wanautoa. Mwisho wanayapima. Yakitoka pale ni dizeli ya mimea, membamba kama dizeli ya kawaida. Unatia kidogo, unachanganya na dizeli nyingi. Kiasi gani, kitabu cha gari lako kinasema."

"Na mafuta ya taa je?" seremala aliuliza. "Jirani yangu huongeza."

"Mwambie aache leo hii. Mafuta ya taa ni makavu. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiitia mafuta ya taa, inasagika."

"Shemeji yangu ana teksi ya gesi. Anasema amepumzika kabisa na bei za mafuta."

"Ni kweli, lakini teksi yake ni ya petroli. Injini ya petroli hubadilishwa kutumia gesi bila shida kubwa, mradi afanye fundi mwenye kibali na mtungi ukaguliwe. Ya dizeli ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa pikapu kuukuu kama hii sikushauri. Siku ukinunua gari jingine, hapo ndipo uangalie la gesi au la umeme, kufuatana na safari zako."

Kisha Mama Nozeli alizunguka pikapu. Aligonga tairi kwa mguu. "Upepo mdogo. Gari linaburuza badala ya kuviringika." Akatoa chujio la hewa, akalipiga ukutani. Vumbi la mbao likawafunika wote watatu. "Hili gari limeziba pua! Likishindwa kuvuta hewa, linakula mafuta zaidi." Akachungulia nyuma. Mlikuwa na jiliwa ya chuma ya kubania mbao, mlango mbovu, gunia la vipande vya mbao na ndoo ya misumari iliyopata kutu.

"Hivi vyote unampelekea nani?"

"Hakuna mtu. Vinakaa humo tu."

"Unatembea na karakana nzima, kisha unailaumu bei!"

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. "Mwambie, mwanangu. Mimi hanisikii."

Mama Nozeli alimwaga mafuta yote ya tangini, akasafisha mabomba, akaweka machujio mapya. Alibadilisha pia mipira miwili ya kupitishia mafuta iliyochakaa, kwa sababu dizeli ya mimea huweza kulainisha mipira ya zamani. "Urudi baada ya wiki tatu," alisema. "Mafuta mapya yatang'oa uchafu wa zamani wa tangi. Chujio litahitaji kubadilishwa tena."

Nyumbani, mkewe alisikiliza habari yote mikono kiunoni.

"Ungeniuliza mimi," alisema. "Nani anayajua mafuta yale kuliko mimi? Ningekuambia yamejaa maji na chumvi." Halafu akaona jinsi mumewe alivyonywea. Akamfuta vumbi shavuni kwa ncha ya kitambaa chake. "Ulitaka mama asikose mazoezi. Najua. Lakini pazia utanunua."

Tangu siku ile mkewe aliyaacha mafuta yapoe, akayachuja, akayafunika kwenye dumu safi. Kila wiki yalipelekwa kiwandani. Kiwanda kiliwapa dizeli ya mimea iliyopimwa, kwa bei nafuu. Seremala aliichanganya kama kitabu kilivyosema. Alishusha takataka zote nyuma ya gari. Alipima upepo wa matairi kila Jumatatu. Aliacha kukanyaga pedali kwa hasira, na alipomsubiri mtu alizima injini. Meza za wateja wa upande mmoja alizipeleka kwa safari moja. Viti vya wateja wa karibu alivituma kwa toroli la umeme la kijana wa mtaani.

Bei ya dizeli haikushuka. Ilipanda tena mara moja. Lakini lita zilizokuwa zikiisha kwa wiki moja sasa zilifika karibu siku kumi, na mama hakukosa mazoezi tena. Mwezi ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Kwanza mama aliacha kuegemea bega la mkwe wake, akatumia fimbo. Kisha akaanza kushika kijiko, ingawa supu nyingi iliishia mezani.

Ijumaa moja seremala alikuwa akimsubiri nje ya mahali pa mazoezi. Aliinua macho, akamwona mama anatoka mlangoni. Fimbo ilikuwa kwapani. Alishuka ngazi ya kwanza. Akashuka ya pili, akasimama, akashuka ya tatu. Mtaalamu wa mazoezi alisimama juu, mikono nyuma, akitabasamu.

Seremala alitaka kutoka amkimbilie. Mama alimwonyesha kwa kichwa akae palepale. Akavuka uwanja hatua kwa hatua. Akafika kwenye pikapu, akashika kitasa kwa mkono wa kulia. Vidole vilitetemeka. Kitasa kikafunguka. Akapanda, akafunga mlango, akaweka fimbo miguuni.

Seremala alishika usukani kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuweza kuinua mkono ayafute.

Mama alijiweka sawa kitini. Kisha akamgusa bega.

"Washa gari, baba," alisema. "Au unataka twende kwa miguu? Maana mimi naweza."