Maboksi ya Jarida la Mifupa

Hakuna aliyemtarajia yule mgeni. Aliingia kituoni asubuhi, koti jeupe mkononi, jasho likimtiririka.

"Tumeibiwa jarida, afande."

"La udaku?" Koplo Isack akacheka.

"La mifupa."

Inspekta Flaviana alimtupia koplo jicho. Kicheko kikakatika.

Mgeni alikuwa Dk. Elibariki, mhariri mkuu wa jarida la madaktari wanaosomea ubingwa wa mifupa. Waliliandika, wakalihariri na kulichapisha wenyewe, baada ya zamu. Toleo la kwanza lilikuwa ligawiwe kesho kwenye mkutano wa mabingwa. Mfadhili alishasema: pasipo na jarida mezani, hakuna toleo la pili.

"Nitafutie maboksi yangu ya nakala, afande. Wenzangu wamekosa usingizi kwa ajili yake."

Katika chumba cha wahariri, huko hospitalini, kufuli lilikuwa zima. Madirisha mazima. Mwizi alitumia ufunguo.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na msaidizi wangu, Dk. Tekla. Lakini Tekla hawezi, afande! Amelihangaikia kuliko sote."

Nakala moja ilisalia mezani, imefunuliwa kwenye picha ya eksirei ya mguu. Kalamu nyekundu ilikuwa imeizungushia duara. Flaviana akaiinamia. Mwizi gani huyu anayeacha alama ya kusahihisha?

"Huyu nani?"

"Mgonjwa wa kwenye makala yangu. Alivunjika, akapona."

"Ulijuaje amepona?"

"Hakurudi kliniki. Wasiorudi huwa tunawahesabu wamepona."

"Sie polisi, asiyerudi tunamtafuta."

Elibariki aliivuta ile nakala, akaitazama tena picha.

"Nani alikuwa anamhudumia?"

"Tekla," alijibu kwa sauti ya chini.

Walimkuta Tekla wodini. Alipoona kitambulisho cha inspekta, alivua glavu taratibu.

"Maboksi yako wapi, daktari?"

"Nyumbani kwangu, Mbagala. Chini ya kitanda. Nimeyachukua mie."

"Kwa nini?"

"Juzi nilimkuta Hija sokoni. Ndiye wa kwenye picha. Anauza mitumba amekaa, mguu umepinda. Akaniambia, 'Sista, nilikosa nauli, nikaacha kuja.' Nikamwahidi hatutaandika kwamba amepona." Machozi yalimlenga. "Kumbe jarida lilishatoka kuchapwa. Nikaona bora niitwe mwizi, kuliko daktari mwingine huko Mtwara atibu mguu kwa kufuata makala yetu, naye aharibu."

"Ungeniambia, Tekla," Elibariki alisema.

"Ungenisikiliza?"

Flaviana akamgeukia Elibariki.

"Unamshtaki?" Flaviana aliuliza.

"Hapana, afande. Na maboksi yabaki hukohuko. Ahadi yake kwa Hija ni yangu pia."

Kesho yake Flaviana alienda mkutanoni, bila sare. Meza ya jarida ilikuwa tupu. Elibariki alisimama mbele ya mabingwa, akaeleza kosa lao tangu mwanzo. Mfadhili alichukua mkoba wake, akatoka.

Hija, aliyeletwa na Tekla, alikuwa ameketi mstari wa mbele, mguu wake uliopinda ukionekana. Bingwa mmoja mwenye mvi aliacha kiti chake, akapiga goti na kuupapasa.

"Huu bado unanyoosheka. Jumatatu uje. Nauli juu yangu."

"Shikamoo, daktari," Hija akasema, akicheka na kulia kwa pamoja.

Huko nyuma Tekla alisogeza kiti karibu na Elibariki, akampa ile kalamu nyekundu. Elibariki alivuta karatasi nyeupe, akaanza makala upya: "Mgonjwa huyu bado hajapona."