Doa kwenye Mkanda

Kilichomkera Mama Povu tangu dukani ni harufu. Ile mashine ya kukimbilia ilinuka mdomo. Si mpira, si grisi. Mdomo, wa mtu aliyeamka na hajapiga mswaki.

Yeye ni dobi, pua yake ndiyo mtaji wake, lakini siku hiyo alikuwa na hofu kubwa kuliko harufu. Daktari alimwambia mumewe, fundi cherehani mwenye kitambi cha kuegemeza mkono, kwamba moyo umezidiwa na mafuta: afanye mazoezi au familia ijiandae. Na dukani kwa muuza vitu vilivyotumika zilikuwepo mashine mbili tu, hiyo na baiskeli isiyokwenda popote.

"Tuchukue baiskeli," mumewe alisihi. "Kukanyaga nimezoea."

"Hee! Maisha yako yote umekaa kwenye kiti, nikununulie kiti kingine? Utatembea, mume wangu, utake usitake."

Muuzaji alionyesha doa jeusi katikati ya mkanda wa kutembelea. "Hili usilitoe, mama. Aliyeniuzia alinisisitizia sana. Sababu hakusema."

Sasa mwambie dobi asitoe doa! Nyumbani lilimkosesha raha mpaka akalivamia kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Likabanduka zito kama ukoko, lina nywele ndani. Ptuu! Akatema mate, akamwaga yale maji chooni, akajisifu.

Fundi akaanza kutembea, na maskini, akanogewa. Kitambi kikapungua, wateja wakampongeza. Mama Povu naye alichekelea, hadi alipofua fulana za mumewe. Hazikuwa na jasho hata chembe. Zilikuwa na ute, ute wa kuvutika vidoleni, wenye harufu ileile ya mdomo. Alifua huku amegeuza uso pembeni.

Mchana mmoja aliingia chumbani na rundo la nguo za wateja, akaona waya wa umeme umelala sakafuni, haujachomekwa popote, na bado mkanda unakwenda, taratibu, umelowa, mwekundu, una vipele kama ulimi wa ng'ombe, unampanda mumewe vidole vya miguu, unamzunguka vifundo, unashuka, unapanda tena, na yeye amesimama juu yake peku, macho kayafumba, nyayo zimevimba na kuwa nyeupe, ngozi inabanduka vipande vipande, na kila kipande kinachoanguka kinamezwa kule chini kwa mlio wa kitoto kinachonyonya.

"Shuka," alinong'ona. "Shuka, nakuomba."

"Polepole, mke wangu. Ananilamba tu. Ukimshtua atauma."

Mama Povu alitapika palepale, juu ya nguo za watu. Kisha akamkumbatia mumewe kiunoni, akamng'oa, na nyayo zilipoachia zilitoa sauti ya bandeji mbichi inayobanduliwa.

Mganga alipoitwa aliziba pua kwa kitambaa kabla hajavuka kizingiti.

"Nani kalitoa zindiko?"

"Zindiko gani?"

"Doa jeusi."

"Mimi," alijibu kwa aibu. "Nilijua ni uchafu."

"Lilikuwa limemfungia jini. Huyu hula jasho, na likiisha humla mwenye jasho."

Alifukiza, akakemea mpaka sauti ikakwama. Mkanda ulijikunja, ukatapika maji ya kijivu yenye kucha na vipande vya ngozi, ukanyauka. Mashine ikachomwa moto uani. "Humo ametoka," mganga alisema akinawa mikono, na Mama Povu, kwa furaha ya kumpata mumewe mzima, hakuuliza zaidi.

Baiskeli alikwenda kuinunua mwenyewe. Nyayo zilipopona, fundi akawa anakanyaga uani huku mkewe akifua pembeni, na siku alipoona fulana ya mumewe imelowa, jasho la kweli, chungu, linanuka kama binadamu, machozi yalimlengalenga. Alimshukuru Mungu kwa sauti.

Baiskeli ikanyamaza. Mumewe alikuja nyuma yake, akamkumbatia.

"Pole na kazi, mke wangu. Umetoka jasho jingi leo."

Mama Povu akacheka. Akahisi ulimi wa mumewe shingoni, wa moto, wenye vipele. Ukapita chini ya sikio, ukazunguka kidevu, ukafika sikio la pili, na bado ulikuwa unaendelea kutoka.