Kiti cha Mama Kola

Mama Kola alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alilipata kwa kola zake. Hakuna fundi mtaani aliyezishona vizuri kama yeye.

Siku moja aliteleza ngazini. Kifundo cha mguu kikavunjika pande zote mbili. Akapasuliwa, akawekewa chuma na skrubu, akafungwa bendeji ngumu.

Mwezi ukapita. Yeye yuko kitandani, mguu juu ya mito. Sebuleni cherehani inalia, trrr, trrr. Anayeikanyaga ni wifi yake, dada wa mumewe.

"Fundi, suruali imenikaa barabara!" mteja akasema.

Fundi? Nani fundi? Wivu ukamkaba Mama Kola. Kiti changu, mkasi wangu, sasa hata wateja wangu!

Kesho yake wifi alitoka kununua uzi. Mama Kola akajikokota kwa magongo mpaka kwenye cherehani. "Leo atanitambua!" Akakanyaga pedali kwa mguu uleule mbovu. Hata mishono kumi haikufika.

"Mama yangu wee!"

Wifi alimkuta analia, vidole vya mguu vimevimba. Akampeleka hospitali mbio.

Mama Kola alipigwa picha ya mfupa. Chuma hakikusogea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke asiyemung'unya maneno, akamtazama.

"Umeponea chupuchupu, mama. Ulikuwa unashindana na nani?"

"Na huyu wifi yangu. Namwonea wivu, basi!"

Wifi akatazama chini.

"Sikiliza," mtaalamu akasema. "Chuma kinashikilia tu. Mfupa unajiunga wenyewe, tena polepole. Usikanyagie mguu huo mpaka daktari akuruhusu. Ukikaa, uinue. Chezesha vidole. Ukiona usaha au homa, au shavu la mguu likivimba na kuuma, njoo siku hiyohiyo."

"Na cherehani yangu?"

"Ukiruhusiwa, pedali itakuwa zoezi lako. Anza na dakika tano. Mguu unaweza kuvimba jioni kwa miezi mingi, hata mwaka. Usikate tamaa."

Safari hii Mama Kola alitii. Baada ya wiki kadhaa daktari alipiga picha nyingine, akamruhusu kuanza kukanyaga kidogo kidogo. Kila asubuhi alifanya mazoezi, wifi akimhesabia.

Hatimaye akakaa kwenye kiti chake. Wifi akavuta kapu lililokuwa nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na mashati tisa. Hata moja halikuwa na kola.

"He! Mbona hukumaliza?"

"Wenyewe wamekataa. Wamesema kola watakusubiri wewe." Wifi akasukuma kapu pembeni. "Unadhani ni wewe peke yako uliyekuwa na wivu humu ndani?"

Mama Kola akacheka mpaka akafuta machozi. Akashona kola moja, taratibu. Kisha akatazama saa, akashika magongo, akainuka.

"Dakika zangu tano zimekwisha. Njoo ukae hapa, wifi. Kola ya pili unashona wewe, mimi nakuelekeza."