Aliyekuja Akicheka

"Elfu sita, Lesieli! Pa'anga elfu sita, pesa za injini ya boti, zote umezitoa kanisani?"

"Na nguruwe nimemtoa," mkewe akajibu, akicheka. "Usinune bwana, kama umefiwa. Mungu atarudisha mara mia."

Semisi akalipindua kopo la akiba; tupu. Kanisa zima lilikuwa limempigia makofi. Huko Tonga, visiwani, mkono unaotoa husifiwa. Nani atauita utoaji huo ugonjwa? Hakuna aliyeuliza mbona mama huyu halali.

Usiku Lesieli alikuwa bandani akiponda magome ya kutengenezea nguo, kazi ambayo wanawake huifanya mchana, kwa pamoja. Yeye aliponda peke yake, ko, ko, ko, akizungumza na mtu asiyeonekana, maneno yakikimbizana bila kituo, na harufu ya maua ikaingia nyumbani ilhali hapakuwa na ua hata moja, na Semisi amelala macho makavu, akisikiliza, mpaka nywele zikamsimama alipotambua kwamba nyundo zilikuwa mbili.

Kisha zikanyamaza. Lesieli akaanguka kitandani, akageukia ukuta. Haogi. Hali.

"Nizikeni tu," akanong'ona.

Hapo sasa ndipo watu waliposema amepagawa! Akaitwa mganga, Kalisi, dada mkubwa wa Semisi, naye akamwahidi nduguye kumrudishia mke. Huko kaka hambishii dada yake, wala haingii chumba alimo. Semisi akabaki nje ya mlango, akimsikia Kalisi akikamua maji ya majani machoni na puani mwa mkewe. "Toka! Toka, mwana wa makaburini!" Siku zikapita, nyumba nzima ikinuka majani mabichi, hata asubuhi moja Lesieli akaamka akiimba.

"Ametoka," Kalisi akasema toka ndani, siku mbili baadaye. "Mkeo mzima. Si unamsikia anavyocheka?"

"Namsikia, dada. Tangu juzi hajafumba jicho. Anasema atajenga kanisa jipya kabla ya Jumapili." Akaukaribia mlango. "Huyo ndiye pepo mwenyewe. Anayecheka na anayelia ni mmoja, anabadili sura tu. Hukumtoa. Umemwamsha."

"Semisi! Unanibishia mimi?"

Ndani, mkewe alikuwa akiongea mbio mbio, na kila alipovuta pumzi, sauti nyingine iliyadaka maneno na kuyaendeleza.

Semisi akavuka kizingiti, akasimama mbele ya dada yake, uso kwa uso.

"Nakubishia. Uliahidi kunirudishia mke wangu. Nirudishie."