Kadi Haina Tundu la Wajomba

Stesheni ya Tabora ilifurika abiria wa treni ya Mwanza. Katika kusukumana huko, Twalibu, fundi cherehani wa Gongoni, suruali imenyooka kwa pasi, akamkanyaga Mwanahawa mguu. Aliomba radhi huku kajishika shavu.

"Jino hilo limeoza," alisema Mwanahawa, aliyekuwa akisomea utabibu wa meno pale mjini.

"Basi utaling'oa wewe, au nizikwe nalo."

"Una maneno, kaka!"

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza binti wa watu. Mwezi haukuisha, wakawa wanaitana laazizi, na Twalibu akamwambia hata siri ya kwao: wajomba zake wawili walifia jandoni kwa kutokwa damu. Mama yake hakutaka jambo hilo litajwe popote.

Mtihani ulipofika, Twalibu alijitolea kuwa mgonjwa wake. Kila mwanafunzi angempima mgonjwa, kisha atoboe tundu kwenye kadi kuonyesha uamuzi wake: kung'oa, kuziba au kutoa dawa. Kadi zingesahihishwa na kompyuta huko Dar es Salaam. Mwanahawa alishika koleo, kisha akaliweka chini.

"Mwalimu, huyu asing'olewe hapa. Wajomba zake walitokwa damu jandoni mpaka wakafa. Aende Mwanza kwenye akiba ya damu."

Darasa zima likamgeukia Twalibu.

"Kadi haina tundu la wajomba," alisema Mwalimu Masolwa.

Mwanahawa akatoboa tundu la dawa.

"Siri ya mama yangu umeinadi kama mitumba," Twalibu alimwambia mlangoni. "Usinitafute." Maumivu yakampandisha treni ya Mwanza, hasira hazijamtoka.

Majibu yalirudi: amekosea, jino lilikuwa la kung'olewa, arudie mwaka. Mwanahawa hakulala. Kama kompyuta ilisema kweli, alimwaibisha mpenzi wake bure. Kama ilikosea, basi Twalibu alikuwa akivuja damu Mwanza. Hakujua amwombe Mungu lipi.

Ndipo akaitwa kwenye simu ya ofisini.

"Mwanahawa?"

"Twalibu! U mzima?"

"Nimeongezwa damu ya Wasukuma, laazizi. Nikikuamkia Kisukuma usishangae. Daktari anasema ningeng'olewa huko ningekufa. Akauliza nani kanituma kwake. Nikasema mchumba wangu."

"Mchumba gani? Si ulinikataza nisikutafute?" Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Ndiyo maana nimekutafuta mimi. Mama keshatuma mshenga kwenu."

"Nimefeli, Twalibu. Narudia mwaka."

"Rudia, mpenzi. Nimebakiwa na meno thelathini na moja, na hakuna mwingine atakayeyagusa."