Mstari Mwekundu wa Kandida

Pikipiki ya Boxer ilikuwa imefika mwisho wa pumzi.

Theophil Margwe alilala juu ya tangi la mafuta kama mtu anayelilia kaburi. Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa inaipasua barabara ya kutoka Maisaka kuingia mjini Babati, inapiga honi, inafukuza bajaji pembeni kama kuku.

Redio ndani ya helmeti ikakoroma; Nyumba, ofisi ya usalama iliyomtuma, ilimwita kwa jina lake la kazi.

"Kiboko, hapa Nyumba."

"Sema."

"Mkoba umo ndani ya gari?"

"Umo. Na mwenye mkoba yumo."

"Usiue. Tunataka karatasi."

Theophil akaikwepa bajaji.

"Kiboko! Umesikia?"

"Nimesikia."

Kusikia si kukubali.

Aliyekuwa ndani ya gari aliitwa Pantaleo Ombeni. Muuza dawa. Kwa miaka mitano alikuwa anavusha mpakani dawa feki za mabwana zake wa nje, zimefungwa kwenye maboksi mazuri kuliko ya dawa zenyewe. Miaka miwili iliyopita Vailet, mke wa Theophil, alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Akachomwa sindano tatu. Zote tatu zilikuwa maji ya chumvi. Mtoto wakamwita Hope. Mama yake hakulisikia jina hilo.

Taarifa ya uchunguzi iliandikwa. Wakubwa wawili watatu wakaikalia. Wakubwa ni hodari wa kukaa.

Sasa Spika wa Bunge alikuwa amejiuzulu, akachaguliwa mpya. Huyo mpya akasema taarifa ya dawa itasomwa leo hii, kikao cha saa kumi na moja jioni. Ndipo Pantaleo akaikumbuka siasa.

Karibu na stendi, lori la mahindi likarudi nyuma bila kuangalia. Theophil akakanyaga breki, Boxer ikalala, yeye akaserereka mpaka kwenye nyanya za watu.

"We kaka, unakimbilia kufa?" muuza nyanya akafoka.

"Bado, mama. Kuna mtu ametangulia kwenye foleni."

Land Cruiser ilikuwa imeshapotea.

Haikumsumbua sana. Alfajiri alikuwa ameibandika kidude cha sumaku chini ya bampa. Akafungua simu yake ya Tecno. Nukta ya bluu ilikuwa imesimama Sigino, nyumbani kwa Pantaleo. Safari ya Dodoma ni ndefu. Bwana mkubwa alikuwa ameenda kunywa chai kwanza.

"Nyumba, nipe habari za hiyo karatasi."

"Watumishi mia moja na kumi na wawili wa Babati, majina nimekutumia kwenye simu. Wamesaini kwamba wanamkataa Spika mpya na watagoma. Kuna mbunge wa Pantaleo ataisoma kabla ya taarifa ya dawa. Kikao kitavurugika, kitaahirishwa, taarifa itarudi kabatini. Bungeni wanadai sahihi za wino wenyewe, kwa hiyo Pantaleo anaipeleka kwa mkono. Izuie."

Watumishi wa Babati, wagome? Theophil alizaliwa hapa. Akajifuta nyanya, akaenda kuwauliza wenyewe.

Nyuma ya ofisi za serikali kuna mgahawa ambako saa nne watumishi hunywa chai na supu. Pale walimjua Theophil kama fundi simu tu. Meza ya pembeni alimkuta Sosthenes, bwana shamba, Jovita, mwalimu, na mama Kandida wa masjala, aliyebakiza miaka miwili astaafu.

"Shikamoo mama Kandida."

"Marahaba, Baba Hope. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nina swali. Huyu Spika mpya, nyie mnamwonaje?"

Vijiko vikaacha kugonga vikombe. Sosthenes akatazama mlangoni, akatazama na dirishani.

"Baba Hope, unataka tuhamishiwe wapi? Kiteto?"

Wakacheka.

"Mtumishi hana maoni," Sosthenes akaendelea kwa sauti ya chini. "Ana maelekezo. Maelekezo ya kumpenda yakija, nitampenda mpaka atashangaa."

"Mimi nasema," Jovita akadakia. "Yule wa kwanza alikuwa anacheka na kila mtu. Huyu hacheki. Mtu asiyecheka anaweza kufanya kazi."

"Mwalimu, punguza sauti, bado una mkopo!" Sosthenes akamkatiza.

"Kwa hiyo hamtagoma?" Theophil akauliza.

"Tugome?" Sosthenes nusura apaliwe na supu. "Nani kasema?"

"Nyie. Mteja wangu ana orodha ya majina kwenye simu yake. Watu mia na kumi na wawili, wote mmesaini. Namba tisa ni wewe."

Sosthenes akaisukuma supu pembeni.

"Jana mlisaini nini?"

"Mahudhurio tu," Jovita akasema. "Semina ya afya kazini, ya yule Pantaleo. Juu ya karatasi palikuwa peupe. Walisema kichwa cha habari kitachapwa baadaye."

"Na mkasaini?"

"Baba Hope," Sosthenes akajibu kwa huzuni, "karatasi ikija na kalamu, mtumishi anasaini. Ikija na soda, anasaini mara mbili."

"Basi tumekwisha," Jovita akasema. "Kazi hakuna."

Mama Kandida akakiweka kikombe chini taratibu.

"Ile karatasi ilikaa mezani kwangu," akasema. "Saa tatu kamili nikaipiga mstari."

"Mstari gani, mama?"

"Mwekundu. Miaka ishirini na mbili kila asubuhi saa ikifika napiga mstari kwenye daftari, chini yake naandika 'waliochelewa'. Jana mkono ulienda wenyewe. Semina si yangu, lakini mkono ni wangu."

"Pantaleo aliuona?"

"Aliniuliza, mama, huo ni urembo gani? Nikamwambia ndio utaratibu. Akasema poa, Dodoma wanapenda utaratibu." Akavuta kanga. "Yule hajawahi kuajiriwa hata siku moja. Angejuaje?"

Simu ya Theophil ikatetemeka. Nukta ya bluu ilikuwa imeondoka Sigino.

Saa tano kasoro, Land Cruiser ilisimama kwenye geti la ushuru wa mazao, kwenye barabara ya Kondoa. Mtoza ushuru alikuwa ameombwa akapumzike kivulini. Aliyekuja dirishani alivaa kizibao chake cha kung'aa na kushika kitabu chake cha risiti.

Chini ya kitabu kulikuwa na bastola, Glock 19. Mdomo wake ulikuwa umeelekea mbavu za Pantaleo.

"Shikamoo bosi. Umebeba mazao?"

"Unaona mahindi humu, kijana? Fungua geti."

"Ni utaratibu, bosi. Kwenye mkoba je?"

"Utaratibu, utaratibu!" Pantaleo akaufungua mwenyewe. "Karatasi. Haya, umeridhika?"

Theophil akainama. Kalamu iliyokuwa mfukoni mwake ikapiga picha tatu bila mlio. Majina sabini na moja, mstari mwekundu ulionyooka kama rula, halafu mwandiko wa mama Kandida, herufi kubwa: WALIOCHELEWA. Chini yake, majina arobaini na moja.

"Bosi unauza nini?"

"Nauza afya." Pantaleo akacheka, akachomoa boksi la vidonge kwenye kiti cha nyuma, akamtupia. "Chukua. Dawa ya maumivu hiyo. Kampelekee mkeo."

Kidole cha Theophil kikaingia kwenye kifyatulio.

Mkeo.

Aliiona sakafu ya wodi, na ndoo. Ilikuwa kazi ya nusu sekunde. Nani angemlaumu?

Lakini risasi moja ingemmaliza Pantaleo peke yake. Wale wakubwa walioikalia taarifa wangekuja msibani na miwani myeusi. Wangetoa rambirambi. Kisha wangerudi kukaa.

Hapana. Hawa nao wafikiwe.

Kidole kikatoka.

"Asante, bosi. Mke wangu atashukuru."

Akainua geti.

"Kiboko!" Nyumba ikapiga kelele sikioni. "Gari linatembea! Karatasi iko wapi?"

"Inakuja kwenu. Msiiguse. Nawatumia picha, mpelekeeni Spika mwenyewe. Mwacheni mbunge asome mpaka nukta ya mwisho."

"Hii si amri yetu."

"Ni yangu."

Saa kumi na moja jioni mgahawa ulijaa mpaka mlangoni. Kwenye televisheni mbunge mnene alisimama, akaipunga karatasi. Watumishi wa Babati wamechoka! Watumishi wa Babati wanamkataa Spika! Akaomba kikao kiahirishwe. Jovita alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

"Iletwe," Spika akasema.

Ikaletwa. Spika akavaa miwani, akasoma bila haraka.

"Mheshimiwa, nisaidie. Hapa kuna mstari mwekundu, chini pameandikwa 'waliochelewa'. Hawa arobaini na mmoja, walichelewa kunikataa?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mgahawa nao ukalipuka. Sosthenes akapanda juu ya benchi.

"Mimi namba tisa! Mimi niliwahi!"

Mbunge akajishusha kitini. Kamera ikageukia viti vya wageni. Pantaleo alikuwa anatafuta mlango, na mlangoni walikuwa wamesimama vijana wanne wasiocheka.

"Taarifa ya dawa isomwe," Spika akasema. "Na majina ya walioificha yasomwe kwanza."

Yakasomwa. Moja baada ya jingine, na vyeo vyao. Theophil aliyahesabu akiwa amesimama nyuma kabisa. Kisha yakafuata majina ya waliokufa. La sita lilikuwa Vailet Margwe, miaka thelathini na moja.

Mama Kandida akageuka kumtafuta.

Alikuwa ameshatoka. Nje aliipiga teke Boxer, akavaa helmeti.

"Kiboko, tunaye," Nyumba ikasema, sasa kwa adabu. "Anatetemeka, anasema kichwa kinamuuma. Tumwite daktari?"

Theophil akalitazama boksi la vidonge mkononi mwake.

"Msihangaike. Gari lake limejaa dawa. Mpeni za kwake."

Akazima redio, akaenda kumchukua mwanawe.