Siku Tadeo Alipongoja Tela Aseme

Tsu. Kimya. Tsu. Bibiana aliisikia sauti hiyo gizani, akajua ni sindano ya mama yake inayotoboa karatasi. Mama alikuwa akishona bila taa ili asiwaamshe watoto. Kengele ya kambi ilipolia na baba kuwasha koroboi ili aende kukata mkonge, Bibiana alimwona mama ameketi juu ya gunia, karatasi mapajani, uzi wa singa za mkonge mdomoni.

"Bado vitabu vingapi, mama?"

"Vitatu tu, mwanangu. Lala kidogo."

Mama yake, Anjela, alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni la kambi yao karibu na Maramba. Mwaka huo wa 1956 alitunga hadithi yake mwenyewe, na mwalimu wa darasa akamtolea nakala ishirini kwa mashine ya stensili. Hakuna duka lililoziuza. Mama alizishona mwenyewe, akawagawia watoto wa kambi. Hadithi ilikuwa ya Trekta na Tela waliofanya kazi pamoja shambani, na kila siku waligombana.

"Wewe kazi yako kunguruma tu," Tela alisema. "Mzigo naubeba mimi."

"Basi tangulia wewe," Trekta alijibu, "nami nije nyuma, tuone!"

Hapo Tadeo, mdogo wake Bibiana, mtoto wa miaka mitano, alicheka mpaka akagaragara chini. Kisha aliomba asomewe tena.

Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Bibiana alikuwa nyuma ya nyumba za kambi na rafiki yake Mwamvua, binti wa Mzee Hatibu, dereva wa trekta. Walirushiana mpira wa matambara, wakishindana nani atadaka mara nyingi bila kuuangusha. Tadeo akaja na kitabu chake kifuani.

"Dada, nisomee."

"Nimekusomea jana mara nne!"

"Nisomee pale Tela anaposema."

Mwamvua akacheka. "Haya, mkia wako umefika! Ukikimbia, nao mbio."

Mpira ukamponyoka Mwamvua, akaufuata mtaroni. Bibiana akamwinamia Tadeo, akamnong'oneza sikioni, "Unataka kumsikia Tela mwenyewe? Kalale chini yake, karibu na gurudumu. Unyamaze kabisa. Ukitikisika, hasemi."

"Kweli, dada?"

"Kweli."

Tadeo akaenda mbio kulikokuwa na tela la trekta, kando ya ghala. Bibiana alikusudia kumwita baada ya mchezo mmoja. Mchezo mmoja ukawa miwili, miwili ukawa mitatu.

Mzee Hatibu akatoka na spana yake. Hakuwahi kuondoa trekta bila kugonga ubavu wa tela mara tatu, maana alijua watoto hupenda kujificha humo. Ngo! Ngo! Ngo! "Tokeni! Trekta linaondoka!" Bibiana alisikia vizuri. Aligeuza kichwa, lakini mpira ulikuwa unakuja, na zamu hii alikuwa anashinda. Atakuwa ameshatoka, aliwaza. Akaudaka. Mzee Hatibu akazungusha hendeli, injini ikanguruma, magurudumu yakasogea.

Kisha kikasikika kilio ambacho Bibiana hakuwahi kukisikia katika maisha yake.

Walipomtoa Tadeo, mguu wake wa kushoto haukutazamika. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. Bibiana alipomfikia, mtoto alimshika kidole.

"Nilinyamaza, dada," alisema. "Tela amesema mara tatu."

"Anaweweseka," wanawake walisema. Bibiana peke yake ndiye aliyeelewa.

Baba na mama walimpeleka Tadeo hospitali, Tanga mjini, kwa lori la mkonge. Jioni habari zikaja: mguu umekatwa juu ya kifundo. Bibiana akachukuliwa na majirani, na jirani wa karibu alikuwa Mzee Hatibu.

Jumatatu mnyapara mkuu, Bwana Zebedayo, alikuja kuuliza maswali. Alisema Hatibu aliondoa tela bila kuonya watu.

"Baba aligonga!" Mwamvua akapaza sauti. "Mimi nilisikia."

"Mtoto kumtetea baba yake, huo ni ushahidi gani?" Bwana Zebedayo akamgeukia Bibiana. "Wewe je? Ulisikia?"

Bibiana akaona kwamba akisema ndiyo, ataulizwa kwa nini hakumwita mdogo wake. Akatazama chini. "Sikusikia kitu."

Mwamvua akamkazia macho. "Bibiana! Ulisimama pembeni yangu!"

"Sikusikia," alirudia.

Basi ikaamuliwa kwamba Alhamisi Mzee Hatibu atafukuzwa kazi, na familia yake ihame nyumba ya kambi. Tangu hapo Mwamvua hakusema naye tena. Lakini mama yake Mwamvua, huku akifunga vyombo katika matenga, aliendelea kumpakulia Bibiana bada, ugali wa muhogo, na mchuzi.

"Kula, mwanangu," alimwambia. "Nawe umefikwa na makubwa."



Jumatano mama alirudi kuchukua nguo. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hakuketi. Alikusanya vitabu vilivyobaki, akapiga magoti mbele ya mafiga, akachochea moto.

"Mama, unafanya nini?"

"Mimi na hadithi zangu," mama alisema. "Nani mwingine aliyemfundisha mtoto kwamba vyuma vinasema? Nimeukata mguu wa mwanangu kwa mkono wangu."

Bibiana akamshika mkono. "Si wewe, mama. Nilimdanganya mimi. Alikuwa ananisumbua, nikamwambia akilala pale atamsikia Tela. Mzee Hatibu aligonga. Nilisikia, lakini nilikuwa nacheza."

Mama alikaa chini sakafuni. Bibiana aliona afadhali angepigwa. Hatimaye mama aliviweka vitabu kando, akafuta uso kwa kanga.

"Sikiliza, Bibiana. Hadithi ni ya kutungwa, na anayeisimulia hafichi kwamba ameitunga. Uongo ni kumpa kitu kibaya mtu aliyekuamini. Tadeo alikuamini. Nyumba ya Mzee Hatibu inakulisha, nayo inakuamini. Mguu wa mdogo wako hautarudi hata ukisema kweli leo. Ungesema Jumamosi, pia usingerudi. Lakini kazi ya mtu bado haijaondoka. Ukweli ukicheleweshwa unauma zaidi, ila bado unafaa. Kesho tutakwenda wote."

Asubuhi walimkuta Mzee Hatibu amesimama mbele ya meza ya Bwana Zebedayo. Karatasi ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari.

"Shikamooni," Bibiana alisema. Mama alimwekea mkono begani, lakini hakumsaidia kusema.

"Marahaba," Bwana Zebedayo alijibu. "Una nini?"

"Jumatatu nilisema uongo. Mzee Hatibu aligonga tela mara tatu, akaita. Nilisikia mwenyewe. Mwamvua alisema kweli."

Bwana Zebedayo alimtazama, akamtazama na mama yake. Kisha akaichukua ile karatasi, akaichana vipande viwili.

"Hatibu, rudi kazini." Akamgeukia tena Bibiana. "Lakini jambo moja linanishangaza. Mtoto anasikia kelele zote hizo, asitoke. Alifuata nini kule chini?"

Mzee Hatibu akaingilia kati kwa upole. "Mwache, Bwana Zebedayo. Mtoto ameshasema, yatosha."

Mlango ulikuwa wazi, na Bibiana angeweza kutoka. Alimtazama Mzee Hatibu, aliyekuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi tangu Jumamosi.

"Mimi ndiye niliyemwambia Tadeo alale pale," alisema.